Mashine Iwe Karani, Mpango Uwe wa Wanachama

(Hotuba ya Ofisa Elimu wa Chama Kikuu kwa makatibu wa vyama vya msingi, Rahaleo, Mtwara)



Makatibu kadhaa wameniuliza kama yafaa kutumia programu za akili mnemba, hizi ambazo mtu huziuliza kwa simu zikamjibu, katika kuandaa mpango wa elimu wa chama. Jibu langu ni kwamba yafaa, ila kwa masharti. Na masharti hayo ndiyo nitakayoyaeleza leo.

Kwanza tukumbuke kwa nini chama kinahitaji mpango wa elimu. Wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza na duka dogo mwaka 1844, baadaye walitenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Kanuni za ushirika zilizopitishwa Manchester mwaka 1995 zimeiweka elimu, pamoja na mafunzo na habari, kuwa kanuni ya tano. Kwetu jambo hili si pambo la kitabuni. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mwanachama asiyeweza kusoma stakabadhi yake, asiyejua makato yametokana na nini, wala kwa nini korosho zake zimewekwa daraja la pili, huondoka ghalani akinung'unika. Manung'uniko yasipojibiwa hugeuka tuhuma, na tuhuma zimekwisha kuvunja vyama vingi.

Hata hivyo, sote twajua jinsi mipango yetu inavyoandikwa. Mkutano Mkuu ukikaribia, huchukuliwa mpango wa mwaka jana, hubadilishwa tarehe, ukasomwa na ukapitishwa. Sasa imekuja mashine inayoandika mpango mpya kwa muda wa dakika moja, tena kwa Kiswahili kinachopendeza. Hatari yake ni kwamba maneno mazuri hupitishwa upesi bila kuhojiwa.

Nilijaribu mwenyewe. Niliitaka programu mojawapo iniandikie mpango wa mwaka mmoja kwa chama cha wakulima wa korosho. Iliandika shabaha, masomo, ratiba, hata namna ya kupima matokeo. Kazi ambayo ingenichukua siku nzima. Lakini iliweka mavuno kati ya Februari na Mei, na semina ndefu za hesabu mwezi Oktoba na Novemba. Ndugu zangu, huo ni msimu wa India na Afrika Magharibi! Oktoba na Novemba mkulima wa huku yuko mkorosheni au ghalani. Semina hiyo angehudhuria nani?

Kosa hilo lina sababu yake. Mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno ya dunia, nazo hutunga jibu kwa kufuata maneno yanayoelekea kufuatana. Maandishi juu ya vijiji vyetu ni machache. Basi pengo huzibwa kwa habari za kwingine, na sauti ya jibu haibadiliki. Hukosea kwa uhakika uleule ambao husema kweli.

Mara ya pili nilianza na wanachama. Niliwauliza ni nini hawakielewi, nikaandika maswali yao. Kisha niliieleza mashine kwamba mvua zetu ni Desemba hadi Aprili. Kwamba kuanzia Juni watu hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga. Kwamba mavuno ni Oktoba hadi Januari. Kwamba Ramadhani huwahi kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka. Na kwamba siku za bamvua akina mama wa pwani hushuka mwambani kuchokoa pweza. Niliongeza kwamba baadhi ya wanachama hawasomi, na kwamba mkutano hufanyika chini ya mti pasipo umeme. Mpango uliotoka ulikuwa wetu. Ulikuwa na vipindi vifupi vya mazungumzo, na mchezo wa kuigiza juu ya makato.

Kwa hiyo basi, napendekeza masharti matano.

La kwanza, katibu akusanye maswali ya wanachama, wanawake na vijana wakiwamo, kabla ya kuigusa simu.

La pili, aieleze mashine hali halisi ya kijiji chake.

La tatu, asichukue kwayo sheria, bei, makato wala kipimo cha dawa bila kuhakikisha. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama yasomwe yenyewe, na Ofisa Ushirika aulizwe. Mambo ya dawa waulizwe watafiti wa Naliendele, walio karibu nasi.

La nne, asiandike humo majina ya wanachama, namba zao za simu, akaunti wala madeni yao. Hiyo ni amana, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

La tano, Bodi na Mkutano Mkuu waelezwe wazi sehemu iliyoandikwa kwa msaada wa mashine, waijadili na kuirekebisha.

Ndugu mmoja ameniuliza kama sasa fedha za elimu zipunguzwe, maadamu mashine haidai posho. La, hasha. Mashine haiwezi kukaa na mzee na kumwonyesha stakabadhi yake mstari kwa mstari. Siku tunayoiokoa katika kuandika tuitumie kwenda vijijini.

Naomba kila chama kilete kwanza orodha ya maswali ya wanachama wake, ndipo kilete mpango. Mpango usio na orodha hiyo tutaurudisha, hata ukiwa umeandikwa vizuri namna gani.