Madhara ya Mionzi Yanayokuja Baada ya Miaka Mingi

(Mada iliyotolewa kwa wahudumu wa afya ya jamii wakati wa mafunzo ya kaunti)

Katika ziara za nyumbani kuna swali linaloulizwa mara kwa mara: je, eksirei ina madhara? Wengine wanaikataa hata daktari anapoihitaji, na wengine wanaiomba kila wanapoumwa na mgongo. Ili swali hilo lijibiwe vizuri, ni muhimu kujua yaliyotokea pale mionzi ilipotumiwa bila uangalifu.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka wa 1895, na miaka mitatu baadaye Marie na Pierre Curie wakagundua madini ya rediamu. Dunia ilishangilia. Rediamu hutoa mionzi yenyewe, mchana na usiku, na ikichanganywa na kemikali fulani hung'aa gizani. Haikuchukua muda kabla ya watu kuanza kuiuza ndani ya maji ya kunywa na mafuta ya kujipaka, ikisifiwa kuwa inaleta nguvu. Tajiri mmoja wa Marekani, Eben Byers, alikunywa mamia ya chupa za maji hayo. Alifariki mwaka wa 1932, mifupa ya taya lake ikiwa imeoza.

Walioumia zaidi, hata hivyo, hawakuwa matajiri. Walikuwa wasichana wa kazi. Kuanzia mwaka wa 1917, kiwanda kimoja mjini Orange, jimbo la New Jersey, kiliajiri wasichana kupaka rangi ya rediamu kwenye nambari za saa, ili wanajeshi waweze kusoma saa gizani. Nambari zilikuwa ndogo sana na brashi ilipoteza ncha upesi. Wasichana walifundishwa kuichonga ncha hiyo kwa midomo, kisha kuichovya kwenye rangi na kuendelea. Walilipwa kwa kila saa waliyoikamilisha, kwa hivyo hakuna aliyetaka kupoteza wakati. Kila mara walimeza rangi kidogo. Walipouliza, waliambiwa haina neno. Jioni walirudi nyumbani nywele na nguo ziking'aa kwa vumbi la rediamu, na baadhi yao walijipaka rangi hiyo kwenye kucha kwa mchezo tu.

Wakati huohuo, wanakemia wa kiwanda hichohicho walishika rediamu kwa koleo na kujikinga kwa vizuizi vya madini ya risasi. Hilo ndilo linaloudhi zaidi katika kisa hiki.

Mwili haujui kutofautisha rediamu na kalisi, ile inayojenga mifupa. Rediamu inayobaki mwilini hupelekwa kwenye mifupa na kukaa huko, ikiichoma kutoka ndani. Nusu yake tu ndiyo huisha baada ya takriban miaka 1,600. Kwa hivyo msichana aliyeacha kazi hakuwa ameachana na rediamu. Meno yalianza kuuma na kung'oka, vidonda visipone, kisha taya likavunjika vipande. Wengine walipata saratani ya mifupa miaka mingi baadaye. Mollie Maggia, wa kwanza kufariki, alikufa mwaka wa 1922 na cheti chake kikaandikwa kaswende. Familia iliishi na aibu hiyo hadi mwaka wa 1927, mwili wake ulipofukuliwa na mifupa kukutwa na rediamu.

Grace Fryer alizunguka miaka miwili akitafuta wakili wa kumtetea. Yeye na wenzake wanne walipofika mahakamani mwaka wa 1927, kampuni ilijitetea kwamba muda wa kushtaki, miaka miwili tu, ulikuwa umekwisha. Sheria iliandikwa kana kwamba kila jeraha huonekana siku ileile. Mwaka wa 1928 walikubali malipo ya dola 10,000 kila mmoja, pamoja na dola 600 kwa mwaka. Grace alifariki mwaka wa 1933. Huko Ottawa, jimbo la Illinois, kampuni nyingine iliwapima wafanyakazi wake na kuwaficha matokeo. Catherine Donohue alitoa ushahidi akiwa amelala nyumbani kwake, akashinda kesi mwaka wa 1938, na kufariki mwaka huohuo.

Hata hospitalini makosa yalifanyika, tena kwa nia njema. Kabla ya dawa ya kumeza ya mapunye kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, watoto wengi katika nchi kadhaa walichomwa kichwani kwa eksirei ili nywele zidondoke na ugonjwa utibike. Huko Israeli pekee walikuwa maelfu, wengi wao kutoka familia za wahamiaji. Walipokuwa watu wazima, walionekana kupata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingoni zaidi ya wenzao. Israeli ilipitisha sheria ya kuwafidia mwaka wa 1994. Ugumu ulikuwa kuthibitisha: mtu wa miaka 50 atakumbukaje alichofanyiwa akiwa na miaka 6, na karatasi hakuna?

Sasa turudi kwenye swali la wananchi. Eksirei ya leo si rediamu iliyomezwa. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, na hakuna kinachobaki chumbani wala mwilini. Eksirei moja ya kifua hutoa mionzi kidogo, karibu na ile ambayo mtu hupata kwa siku chache kutoka ardhini na angani. Anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu asiikimbie. CT scan hutoa mionzi mingi zaidi, kwa hivyo ifanywe pale daktari anapoona inahitajika.

Mwanamke mjamzito, au anayedhani ni mjamzito, amweleze mtaalamu kabla ya kupigwa picha. Anayemshika mtoto wakati wa picha apewe aproni ya risasi. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama kituo kina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, na kuuliza si utovu wa adabu. Wafanyakazi wa chumba cha eksirei nao wavae kipimo chao cha mionzi kila siku, na wapewe matokeo yake.

Mnapotembelea nyumba, waombeni watu watunze picha na ripoti za zamani, wazibebe wanapohamishiwa hospitali nyingine ili wasirudie picha ileile bure. Na mkikutana na mtu aliyewahi kutibiwa saratani kwa mionzi, hata kama ni miaka 20 iliyopita, iandikeni kwenye rekodi ya familia na mwelekezeni amwambie kila daktari atakayemwona.