Mwulizeni Mwandishi, Kisha Rudini Kitabuni

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mtwara)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya ufundishaji wa fasihi. Nitashika jambo moja tu: faida ya kumhoji mwandishi.

Dawa haitolewi kabla ya kuyajua maradhi. Wapo wanafunzi wawezao kutaja dhamira tano za tamthiliya wasiyoisoma. Wamezikariri kutoka kijitabu cha maswali na majibu. Mtihani pengine watafaulu, lakini kuandika ukurasa mmoja wa mawazo yao wenyewe kunawatoa jasho. Kwao kitabu ni kitu kilichokuwapo tu. Hawamwoni mtu aliyeketi, akafuta, akarudia, akachagua neno hili na kuliacha lile.

Mahojiano humleta mtu huyo mbele yao. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alieleza katika hotuba yake ya tuzo kwamba tangu utoto shuleni alikuwa akikingoja kwa hamu kipindi cha kuandika hadithi. Mtoto wa Mikindani akisikia hayo, ataliangalia daftari lake kwa jicho jingine. Na riwaya ya Gurnah, Paradise, ya 1994, sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022.

Lakini ipo hatari: kulifanya jibu la mwandishi kuwa jibu jingine la kukariri. Chukueni Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 na kufika hadi Masasi, ni habari ya babu zetu. Katika maelezo yake juu ya mchezo huo, mwandishi anasema kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule yule wa historia. Amemfinyanga kwa mahitaji ya sanaa. Hilo ni jibu linalozaa maswali. Amebadili nini? Kwa nini? Ili kujua, mwanafunzi hana budi arudi kitabuni, kisha aitafute historia yenyewe.

Na historia hiyo tumeipataje? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita hivyo. Wazee wale hawapo tena. Maneno yao yapo, kwa sababu kijana aliuliza, akasikiliza, akaandika.

Basi napendekeza utaratibu huu darasani. Kwanza, kitabu kisomwe chote kabla ya mahojiano. Pili, maswali yaandikwe na kuchujwa. Lisiulizwe, “Ujumbe wa kitabu chako ni nini?” Afadhali, “Sura ya kwanza uliiandika mara ngapi? Ulifuta nini? Kwa nini mama huyu hukumpa jina?” Tatu, mazungumzo yaandikwe neno kwa neno, kisha yageuzwe kuwa kauli ya taarifa. Hapo mwanafunzi ataona kazi ya nukta, na ya alama za kufungua na kufunga maneno, kuliko kwa mifano kumi ubaoni. Nne, kila mmoja aandike ukurasa mmoja, akikubaliana na mwandishi au akimpinga, kwa ushahidi wa kitabu.

Mtaniambia kwamba waandishi wako mbali. Kweli, lakini simu inafika, na simu hiyo hiyo inarekodi sauti. Tena watunzi tunao hapa. Kutoka Mikindani hadi Msimbati, na hadi mdomo wa Ruvuma, wapo wazee wenye hadithi na nyimbo. Wapo wachongaji wa Kimakonde, ambao kinyago chao kimoja chaweza kubeba ukoo mzima. Mwulizeni mchongaji kwa nini alianza na uso huu na si ule, atawafundisha utunzi. Mzee akisimulia kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, mwanafunzi itambidi atafsiri, na mwenye kutafsiri hujifunza kupima neno.

Wenzangu tuliosoma hapa tunao wajibu. Anayemfahamu mwandishi, amwunganishe na shule. Aliyetunga chochote, akubali kuhojiwa na vijana hawa bila kuona haya. Anayeleta msaada, alete vitabu vizima, si vijitabu vya majibu. Na mhariri wa jarida hili namwomba atenge kurasa mbili kila toleo kwa mahojiano bora ya wanafunzi.

Nanyi vijana, msingoje mgeni kutoka Dar es Salaam. Likizo hii, kila mmoja amhoji mzee mmoja wa kwao, aandike, na shule ikifunguliwa alete kazi yake kwa mwalimu. Mwaka 1968 wazee wa Maji Maji walikuwa wamebaki wachache. Wa kwenu nao hawatawangoja.

Kuuliza si ujinga.