Uvimbe wa Mafuta kwa Watoto: Picha Kwanza, Kisu Baadaye

(Mazungumzo na wahudumu wa zahanati za dayosisi)

Ndugu wahudumu, mama akimleta mtoto wa mwaka mmoja mwenye uvimbe laini mgongoni, usiouma lakini unaokua haraka, wengi wetu tumezoea kusema moja kati ya mawili: "Ni mafuta tu, nenda nyumbani," au "Hii ni saratani." Tukiri kwamba maneno hayo yametoka kwenye vidole vyetu, siyo kwenye kipimo.

Upo uvimbe wa mafuta uitwao lipoblastoma. Huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 3. Si saratani wala hausambai kwenye viungo vingine, ila unaweza kubana mishipa ya fahamu au njia ya hewa, na usipoondolewa wote huweza kurudi. Kwa hiyo "mafuta tu" si jibu. Saratani ya mafuta, yaani liposakoma, ni nadra sana kwa watoto wa umri huo. Basi kumtisha mama nako si jibu.

Tuanzie ultrasaundi. Haina mionzi, mtoto hahitaji dawa ya usingizi, na huonyesha kama uvimbe una maji, mishipa ya damu au nyama. Uvimbe wa mishipa ya damu nao huwa laini. Anayeupasua kijijini akidhani ni jipu anamtia mtoto hatarini.

Uvimbe ulioingia ndani unahitaji MRI. Humo mafuta hung'aa. Mtaalamu akiiagiza mashine iufifishe mng'ao wa mafuta, sehemu ile hugeuka nyeusi, naye hujua anatazama mafuta. Kwa kuwa lazima mtoto atulie, mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa. Sitiskani pia huonyesha mafuta, lakini ina mionzi, tusiikimbilie.

Hata hivyo picha ina mwisho wake. Lipoblastoma yenye ute mwingi yaweza kufanana kabisa na liposakoma. Hapo kipande kinachopimwa maabara ndicho huamua. Tuwaeleze wazazi hili mapema, kabla hawajauza mbuzi kwa ajili ya nauli, ili daktari akiomba kipande baada ya picha wasione wamedanganywa.

Katika barua ya rufaa tuandike umri wa mtoto, lini uvimbe ulionekana, na ukubwa wake kwa sentimita. Tepu ya fundi cherehani inatosha.