Uhandisi Uanzie Kwenye Paa la Shule



Ndugu wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili wetu, tunapendekeza kwamba kabla fundi hajafunga gata na tangi la shule, walimu na wanafunzi wakabidhiwe futi kamba.

Mkoa wetu wa Singida una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 8, kwa mvua ya milimita 600, hupokea lita 48,000. Tukiondoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 38,400.

Kwa wanafunzi 400, kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, maji hayo yangetosha siku 96. Lakini tangi la lita 10,000 likijaa mwezi Aprili, huisha baada ya siku 25 za masomo. Mwanafunzi anayefikia jibu hili mwenyewe huona kuwa upungufu hauko kwenye paa, uko kwenye tangi. Je, lijengwe kubwa zaidi, au matumizi yapangwe upya? Uhandisi huanzia hapo: kupima, kuchagua, kujaribu na kurekebisha.

Watengeneze gata la mfano, wamwage ndoo moja, wapime maji yaliyofika, wabadili mteremko, kisha wapime tena. Walimu waanze wao wakati wa likizo, maana mwalimu ambaye hajashika msumeno hurudi kwenye chaki.

Jambo hili si geni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka masomo na kazi viende pamoja. Huko Arusha, Bernard Kiwia, fundi baiskeli, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Twende, karakana iliyofundisha wanafunzi kubuni na kutengeneza vifaa kwa mikono yao.

Tangi huzinduliwa kwa siku moja. Gata likiziba mwaka wa pili, ni nani atakayejua pa kuanzia? Kwa hiyo tunaomba kila parokia itoe fundi wake kwa siku moja, pamoja na mabaki ya bati. Wafadhili nao watenge sehemu ya fedha za tangi kwa ajili ya zana na mafunzo ya walimu.