Uvimbe wa Ini: Kabla ya Kulia Saratani



Chukulia mfugaji wa Kieni. Ubavu wa kulia unamuuma, chakula hakishuki. Kwenye duka la dawa anaambiwa ni taifodi. Mwezi unaofuata, vidonda vya tumbo. Tumbo linapoanza kuonekana, majirani wanasema ni pombe, ingawa hajawahi kuonja hata muratina. Mwishowe altrasaundi inaonyesha uvimbe kwenye ini, na nyumbani wanaanza kupanga harambee ya saratani.

Huenda ni saratani kweli. Huenda pia ni mfuko wa maji uitwao haidatidi, unaotokana na mayai ya tegu wa mbwa. Tegu huyu, mwenye urefu wa milimita chache tu, huishi kwenye utumbo wa mbwa aliyelishwa maini au mapafu mabichi yenye mifuko hiyo. Mayai hutoka na kinyesi, yakashika kwenye manyoya, udongo, maji na mboga. (Maini yaliyopikwa hayaleti ugonjwa huu, wapenzi wa maini wasiwe na hofu.)

Turkana ni kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na Amref ilianza mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983. Ni mbali na Nyeri, lakini walimu, polisi na madereva wa huku wamefanya kazi huko, na mfuko huo hukua polepole kwa miaka bila maumivu. Aliyeishi Lodwar miaka 15 iliyopita anaweza kuugua leo akiwa Karatina.

Kwa hivyo daktari akiuliza, "Umewahi kuishi wapi? Ulifuga mbwa?" hapigi soga. Uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani huchomwa sindano ili kipande kipimwe. Mfuko wa haidatidi ukichomwa bila maandalizi, maji yanaweza kuvuja, mgonjwa akapata mzio mkali unaoweza kuua, au mifuko mipya ikaota tumboni. Kipimo cha damu husaidia, ila wakati mwingine hakionyeshi kitu ugonjwa ukiwepo. Tiba ipo: albendazole, upasuaji, au kunyonya maji kwa utaratibu maalumu.

Jipu la ini linaloletwa na amiba nalo hudanganya. Huleta homa na maumivu chini ya mbavu, mara nyingi bila kuhara, likadhaniwa malaria au nimonia. Wengi hupona kwa metronidazole.

Mwenye uvimbe wa ini aende hospitalini na picha zake zote za zamani, na aseme habari za mbwa na za Turkana hata asipoulizwa, kabla sindano haijatolewa.