Msaada Hupangwa Kabla ya Njaa



Igawa ni mahali panapofaa kuzungumzia misaada. Barabara kuu iendayo Tunduma, ambayo imeupa mji huu uhai wake, ilijengwa kwa fedha za nje: sehemu yake za Marekani, sehemu nyingine za Benki ya Dunia na Sweden. Reli ya TAZARA inayokatiza wilaya ya Mbarali ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Shamba la mpunga la Mbarali nalo lilianzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina. Mwananchi wa hapa hahitaji kuambiwa kwamba misaada ipo. Linalostahili kuelezwa ni jinsi inavyopangwa, maana watu wengi, wasomi wakiwamo, hudhani kuwa ni suala la huruma tu: wenye njaa hulia, wenye shibe husikia, na meli hung'oa nanga. Mambo hayaendi hivyo.

Msaada, kabla haujawa gunia la mahindi, ni fungu katika bajeti ya watu wengine. Chukueni mfano wa shirika la USAID la Marekani, lililoundwa mwaka 1961 na kuvunjwa Julai 1, 2025, kazi zake zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza Oktoba 1. Rais hupeleka mapendekezo yake bungeni miezi kadhaa kabla ya hapo, na maofisa nao huwa wamekwisha kuyaandaa kwa muda mrefu. Kwa hiyo fedha za kumlisha mtu mwenye njaa mwezi Machi huwa zilianza kuandikwa karibu miaka miwili nyuma, na mtu ambaye hangeweza kujua mvua itakatika wapi.

Kwa sababu hiyo hutengwa fungu la maafa lisilotajiwa nchi. Kulifungua kulikuwa na masharti yake. Balozi wa Marekani katika nchi husika alipaswa kutangaza rasmi kwamba kuna maafa, na kuthibitisha mambo matatu: kwamba maafa yameuzidi uwezo wa nchi yenyewe, kwamba serikali ya nchi hiyo imeomba msaada au iko tayari kuupokea, na kwamba kusaidia ni kwa masilahi ya Marekani. Sharti hilo la tatu lafaa kusomwa mara mbili. Halikufichwa, liliandikwa waziwazi, na kwa hakika hakuna serikali itoayo kodi za wananchi wake bila kujiuliza swali hilo. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya fedha haikupitia hazina ya nchi yenye njaa. Ilikwenda kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, na kwa mashirika ya hiari, ambayo huandika maombi, hukaguliwa, na hutoa hesabu kwa aliyewapa.

Lakini kiini cha jambo hili kimo katika chakula chenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1954, iliyojulikana kwa namba yake ya 480, ilizaliwa wakati wakulima wa huko walikuwa na nafaka nyingi kuliko soko lao. Nafaka ya msaada ilipaswa kununuliwa kwao, na sehemu kubwa yake kusafirishwa kwa meli zao; kuanzia mwaka 1985 kiwango cha meli hizo kilifikia robo tatu, kisha mwaka 2012 kikarudishwa kwenye nusu. Wazee wanaukumbuka unga wa njano ulioingia nchini, ambao watu waliupachika jina la Yanga kwa rangi yake. Uliokoa maisha, na asiyekiri hivyo hana haki. Hata hivyo ulikuwa pia dawa ya ugonjwa wa mkulima wa mbali.

Hebu sasa kalenda hiyo iwekwe kando ya kalenda ya Usangu. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kukoma Aprili. Miezi ya shida ni Januari hadi Machi, ghala likiwa tupu na mahindi yakiwa bado mabichi. Ilikwisha kukadiriwa kwamba nafaka ya kutoka Marekani huchukua miezi minne hadi sita tangu kuagizwa hadi kumfikia mlaji. Ikiagizwa Januari, wakati njaa imekwisha kuingia nyumbani, itafika kati ya Mei na Julai. Na Mei ndipo mkulima anapovuna. Mwenye njaa ya Februari hakuila, na mwenye mavuno ya Juni anakuta bei imeanguka. Wako waliokwenda mbali zaidi, wakaiuza nafaka hiyo sokoni ili wapate fedha za kuendeshea miradi. Mwaka 2007 shirika la CARE, ambalo lenyewe lilinufaika na utaratibu huo, lilitangaza kwamba litauacha.

Njia nyingine ipo, nayo ni kutoa fedha ili chakula kinunuliwe karibu na penye njaa. Nchi za Ulaya zilielekea huko tangu miaka ya 1990. Mwaka 2008 WFP ilianzisha mpango wa kununua kwa wakulima wadogo, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Desemba 2018 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wenye ghala pale Makambako, uliingia mkataba wa kuiuzia WFP tani 36,000 za mahindi. Hapo mkulima wa nyanda hizi hakuwa mpokeaji wa msaada. Alikuwa muuzaji wake.

Ni dhahiri kwamba njia hiyo nayo hutegemea mfuko wa mtu mwingine. Katika kambi za Kigoma, Juni 2023, posho ya chakula ya wakimbizi ilishushwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa, si kwa kukosa mahindi nchini, bali kwa kukosa fedha. Ilipovunjwa USAID mwaka 2025, pengo liliongezeka kote duniani, maana Marekani peke yake ilikuwa ikitoa karibu asilimia 40 ya fedha za msaada wa dharura zilizoorodheshwa na Umoja wa Mataifa.

Mtumishi wa Igawa hawezi kubadili bajeti ya Washington wala ya Brussels. Lililo mikononi mwake ni taarifa. Tathmini ya chakula, ambayo nchini hufanywa kwa mfumo wa MUCHALI, huanzia kwa ofisa ugani anayepita mashambani, na mwalimu anayeona madawati yakianza kubaki wazi huwa ameiona njaa kabla ya mkoa. Ofisa anayeogopa kuandika kwamba kata yake ina upungufu, akidhani ataonekana mzembe, huinyima Serikali yake nafasi ya kufungua ghala la Makambako kwa wakati. Anayezidisha hesabu ili kata ipate zaidi naye husababisha taarifa ijayo isiaminiwe. Hesabu inayotakiwa ni ya kaya ngapi, kijiji gani, na akiba ya siku ngapi, nayo inatakiwa kufika wilayani Novemba, kabla mbegu hazijaliwa.