Mlingoti Hupimwa Kutoka Majini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme neno juu ya elimu na kazi. Sitawahubirieni. Nitawasimulia wiki tatu nilizoishi ndani ya mashua ndogo ya tanga, katika mifereji na maziwa ya Uholanzi.

Mwaka 2014 nilikuwa Delft nikisomea mambo ya maji. Likizo ilipofika, mzee mmoja Mholanzi, fundi mstaafu, alinikaribisha nisafiri naye. Mashua yake ilikuwa na urefu wa mita 9. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vyembamba, jiko dogo la gesi na tangi la maji la lita 100. Mimi niliyezoea kuacha bomba likimwaga maji huku nikipiga mswaki, asubuhi ya tatu nilikuta tangi tupu. Mzee hakusema neno. Alinipa ndoo nikachote. Tangu siku hiyo nilinawa uso kwa kikombe kimoja, na kikatosha.

Karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Mifereji imejaa kila upande, na juu ya mifereji kuna madaraja. Mwenye mlingoti hungoja afunguliwe. Taa nyekundu ikiwaka pamoja na ya kijani, jitayarishe, daraja linafunguliwa. Zikiwaka nyekundu mbili, siku hiyo au saa hiyo hakuna kazi. Mahali pengine mlinzi wa daraja alituteremshia kiatu cha mti kilichofungwa kwenye kamba, nasi tukatia ada humo. Amsterdam tulipita usiku wa manane, treni zilipopungua, mashua zikifuatana kama ng'ombe waendao mnadani.

Baada ya Amsterdam kulikuwa na daraja kubwa la barabara lisilofunguka. Mzee alinipa kazi ya kuhesabu kama tutapita. Akanieleza upesi upesi, kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito, kisha akauliza, "Umeelewa?" Nikajibu, "Nimeelewa." Sikuwa nimeelewa. Lakini nilikuwa na shahada, tena mtumishi wa serikali. Ningemwulizaje fundi jambo la kutoa na kujumlisha?

Karatasi za mashua zilisema mlingoti ni mita 11.8. Kitabu cha njia kilisema nafasi chini ya daraja ni mita 12.7. Nikatangaza kwamba tunapita, na nafasi inabaki.

Tulikwenda na upepo wa nyuma. Tulipokaribia, mzee aliinua macho, akanyamaza, mara akausukuma usukani kwa nguvu zote. Mashua iligeuka kwa kishindo, tanga likapigapiga, na kijiti cha kuonyesha upepo kilichokuwa juu ya mlingoti kikakwaruza chuma, kikakatika na kuanguka majini. Kidogo tu, mlingoti wote ungetuangukia.

Tulipotia nanga aliniuliza, "Ulipima kutoka wapi?" Nikamwonyesha zile karatasi. Akasema, "Huo ni urefu wa mti wenyewe. Mti umesimama juu ya paa, na paa liko mita 1.3 juu ya maji. Kuniuliza kungechukua nusu dakika."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Ndugu zangu, usiku ule sikulala. Nilikumbuka darasa letu hapa. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" sote tulipaza sauti, "Ndiyo, Mwalimu!" hata yule asiyejua tuko ukurasa gani. Tuliondoka na tabia hiyo, tukaingia nayo maofisini. Mara ngapi nimetia saini jalada ambalo sikulielewa vizuri, nikaona haya kumwuliza karani aliyelileta? Mara ngapi nimewaeleza wanakijiji habari za kisima, wakaitikia kwa vichwa, nami nikaridhika?

Siku hizi nikimaliza kueleza, siulizi kama nimeeleweka. Namwomba mmoja anieleze mimi. Na ninaposhindwa kuelewa, nasema, hata mbele ya wadogo zangu kazini. Bado naona haya kila mara, lakini nasema.

Vijana, kesho mwalimu akiuliza kama mmeelewa, awepo mmoja wenu wa kunyosha mkono na kusema hapana. Wenzake watamcheka, kisha watasikiliza jibu kwa makini kuliko yeye.